Mkono Uliobaki Kwenye Usukani

Kwenye njia ya ukingo wa mto Leie, mwendesha baiskeli akitaka kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzake asiyemjua, husema. Si hotuba. Anasogea ubavuni, anatoa habari za asubuhi, anauliza kama anaweza kujikinga upepo kidogo. Akiwa na miguu yenye nguvu, baadaye anapita mbele naye anachukua zamu yake. Akiwa hana miguu anasema, leo sina. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kusema hivyo. Anayechukiwa ni yule anayejibandika kimya kimya kama kupe, akaponea mgongo wa mwenzake bila hata kukohoa. Huyo wanamwita mnyonya gurudumu, na hakuna mzazi Flandria nzima anayependa mwanawe aitwe hivyo.

Achiel Devoldere alimpata wa kwake Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa mbili asubuhi. Alikuwa na miaka sitini na minne, magoti yalikuwa yamestaafu kabla yake kutoka kiwanda cha mazulia, na siku hiyo upepo wa magharibi ulikuwa unamsukuma kifuani kama mtu anayemzuilia mlango. Jua lilikuwa mgongoni. Kwa ule upepo masikioni hakumsikia aliyekuja. Aliona tu kwenye lami, pembeni mwa kivuli chake, kivuli cha kofia ya pili.

Alingoja salamu. Haikuja.

Akaongeza mwendo, kivuli kikaongeza. Akapunguza mpaka karibu asimame, kivuli kikapunguza. Akatikisa kiwiko cha kulia, ishara ambayo huko hata mtoto wa chekechea anaijua: njoo, zamu yako. Hakuna aliyekuja. Akatikisa tena baada ya kilomita mbili, na tena penye lango la maji. Maneno yakaanza kumchemka kichwani. Mimi ni farasi wa nani? Nimelala mapema, nimekula uji wangu, nimeyabembeleza magoti yangu tangu alfajiri, ili mtu asiye na jina aje ajikunje nyuma yangu kama abiria?

Na muda wote huo mkono wake wa kulia uliendelea na kazi bila kumwuliza. Chupa iliyovunjika, mkono ukashuka, kidole kikaonyesha. Mzizi wa mti ulioinua lami, mkono ukashuka. Achiel alikuwa kapteni wa barabara wa chama cha Marafiki wa Leie, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazi ya kapteni ni kuwa macho ya walio nyuma yake. Aliye nyuma haoni barabara. Anaona kiuno cha mwenzake na mkono wa mwenzake, basi.

Chini ya daraja la Markelbeke njia inapinda kidogo, na katikati yake imesimama nguzo fupi ya chuma ya kuzuia magari. Mtu akitoka kwenye jua akaingia kwenye kivuli cha daraja, kwa muda mfupi haoni kitu. Wenyeji wanaijua. Wanapiga kelele "nguzo", mkono unashuka, msafara unagawanyika kama maji kwenye jiwe.

Achiel aliiona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshaachia usukani. Basi akavirudisha, akavifunga. Akapita kushoto dakika ya mwisho, karibu sana, mgongo wake ukiifunika nguzo mpaka pale kuifunua kusingesaidia tena. Muda wenyewe usingemtosha mtu kufanya ishara ya msalaba. Lakini Mungu hahesabu muda.

Mlio ulikuwa mmoja tu, mfupi.

Alirudi. Hilo lisemwe pia, maana ni kweli: alirudi mbio, akapiga magoti, akavua koti lake la upepo akaliweka chini ya kichwa. Alikuwa msichana wa kama miaka ishirini na miwili. Mdomo ulijaa damu, bega limekaa mahali pasipo pake. Kucha zake zilikuwa za kijani, rangi ya spinachi, na Achiel, bila kujua kwa nini, akazitazama hizo kucha badala ya mdomo.

Mume na mke waliokuwa wanatembeza mbwa wakafika. Mwanamke akapiga simu. Mwanamume akauliza, "Mlikuwa pamoja?"

"Hapana," Achiel akasema. "Hata sikujua kama kuna mtu nyuma yangu."

Msichana alikuwa na macho wazi. Alimtazama, kisha akayafumba.

*

Mkewe, Lieve, aliliosha koti kwa maji baridi, maana damu haitaki maji ya moto. Achiel alikaa jikoni na soksi zake, akasimulia. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, na alipofika penye nguzo akasema tena ile ile: "Masikini, hata sikujua kama yuko."

Lieve akafunga bomba.

Kwa miaka thelathini na tisa ya ndoa, Lieve hakuwahi kukanyaga mavi ya mbwa. Wakienda misa, Achiel mbele hatua moja, ule mkono unashuka nyuma ya paja, kidole chini: hapa pana dimbwi, hapa jiwe limelegea. Dukani anasukuma kigari, maziwa yamemwagika, mkono. Binti yao alikuwa anamcheka, "Baba, hapa hatuko kwenye mashindano." Na siku moja Lieve akiwa dirishani alimwona akivuka ua peke yake, usiku umeshaanza kuingia, mkono ule ukashuka ukaonyesha bakuli la paka. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na paka.

"Na hukuonyesha mkono?" Lieve akauliza.

"Nimwonyeshe nani? Si nimekwambia sikujua?"

Lieve akafungua bomba tena. Aliisugua ile sehemu ya koti muda mrefu baada ya damu kutoka.

*

Jumapili chama kiliendesha kama kawaida, wakaishia mkahawani. Habari ilikuwa imeshafika kabla yao. Etienne, mwenyekiti, muuza nyama mwenye sauti ya kuita wateja barabarani, akainua bilauri.

"Kilomita ngapi alikunyonya?"

"Kumi na tatu," Achiel akasema. Papo hapo akajua amekosea, maana mtu asiyejua kama kuna mtu nyuma yake hazihesabu kilomita. Akaongeza haraka, "Ndivyo watu wanavyosema. Mimi sikumwona."

Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanacheka.

"Basi nguzo imemtoza nauli," akasema Etienne.

"Na imechukua meno, haitaki noti," mwingine akadakia.

Meza nzima ikacheka. Achiel naye akacheka. Alijisikia akicheka, kama mtu anayesikia redio ya jirani.

"Haya, mambo ya maana," Etienne akasema akijifuta povu. "Alhamisi ijayo ile nyingine, Kupaa kwa Bwana, padre anabariki baiskeli. Mke wangu anakutarizia kitambaa kipya cha ukapteni. Cha uzi wa dhahabu, mzee. Miaka ishirini na miwili, na hajaanguka mtu hata mmoja nyuma ya Achiel. Nitasema hivyo hivyo mbele ya padre."

"Usiseme hivyo," Achiel akasema.

"Ona anavyoona haya."

*

Jumatano alasiri kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye koti la mvua, mkononi ameshika sahani ya maua ya buluu, juu yake keki ya wali wa maziwa iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Bwana Achiel Devoldere? Mimi ni Marleen Lagrou. Mama yake Fien. Yule wa darajani."

Achiel akasimama kwenye korido kama aliyesahau nyumba ni ya nani. Lieve ndiye aliyesema, "Karibu ndani, mama. Kahawa iko tayari."

Marleen alikaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa anasafisha madarasa ya shule, akasema, na leo wamemruhusu saa moja mapema. "Sitawachosha. Nimekuja kushukuru. Daktari alisema kichwa hakikulala kwenye mawe kwa sababu mtu aliweka koti. Nikasema, huyo mtu lazima nimwone uso. Siku hizi watu wanapita tu, bwana. Wanapiga picha, wanapita."

"Hakuna neno," Achiel akasema.

"Lipo. Na Fien mwenyewe kanituma. Anakuomba radhi."

"Mimi?"

"Wewe. Anajua alikaa nyuma yako bila kusema. Hakulelewa hivyo. Marehemu baba yake aliendesha mashindano ya baiskeli ya vijiji miaka kumi, angemzaba kibao." Marleen akaifunua keki, akaomba kisu. "Lakini nikueleze, usimwone mbaya. Yuko kwenye kiwanda cha mboga za barafu. Huu ni msimu wa spinachi, mashine hazilali. Ilikuwa wiki yake ya pili ya usiku. Saa ya chakula alilala juu ya makreti, hakula. Halafu apande baiskeli kilomita thelathini na ule upepo. Ananiambia, mama, niliishiwa kabisa, nilikuwa naona nyota mchana. Nilipouona ule mgongo wa mzee nikasema asante Mungu. Nilijisemea nikipata pumzi nitamsalimia. Pumzi haikuja."

Lieve alikuwa amesimama na birika la kahawa. Hakumimina.

"Ndiyo maana hakuchukua zamu," Marleen akasema. "Aliona kiwiko chako kinatikisika."

Lieve akaliweka birika chini. Marleen hakuyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa anakata keki. Aliweka kipande kikubwa kuliko vyote kwenye sahani ya Achiel.

"Na meno?" Lieve akauliza.

"Manne ya mbele. Bima imesema ajali ni ya kwake mwenyewe, kwa hiyo yatangoja pesa za likizo. Hiyo si kitu. Kinachoniuma ni kucheka. Huyo mtoto alikuwa anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Sasa anaziba mdomo kwanza, ndiyo anacheka, na akishaziba anakuta kicheko kimeondoka." Akatabasamu, kisha akaona Achiel hajagusa. "Kula, bwana. Au hupendi wali?"

"Napenda," Achiel akasema. Akala. Wali ulikuwa mtamu, wenye mdalasini. Alikula chote, mpaka makombo, maana mama alikuwa anamtazama kwa furaha.

Marleen alipoondoka alimshika mkono, ule wa kulia, kwa mikono yake yote miwili.

Mlango ulipofungwa Achiel akasema, "Mbona wewe hukula?"

"Ilikuwa keki ya shukrani," Lieve akajibu. "Mimi sijafanya kitu cha kushukuriwa."

Akalichukua shuka la meza akatoka nalo uani kulikung'uta, ingawa halikuwa na kitu.

*

Alhamisi hawakuongea. Ijumaa waliongea mambo ya bomba la mvua. Jumamosi Achiel aliitoa baiskeli, akaipaka mafuta mnyororo, akairudisha. Lieve aliwasha mshumaa mbele ya Bikira kwenye kabati la vyombo, na Achiel akauliza wa nani, akajibiwa, "Wa yule binti wa darajani." Akakaa akitazama moto. Alikuwa ameshaunda maneno mengi ndani yake. Kwamba msichana angejifunza adabu. Kwamba nguzo ni ya serikali. Kwamba mtu ana haki ya kuendesha baiskeli yake bila kuwa mlinzi wa mtu asiyetoa hata salamu. Kila neno lilikuwa kweli kidogo, na yote yakiwekwa pamoja hayakufunika vidole viwili.

Usiku mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Jumapili wakatoka kwenda misa, yeye mbele hatua moja, Lieve nyuma na viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya sikukuu na mazishi. Mbele ya duka la mikate palikuwa na dimbwi pana, na foleni ya watu wanaongoja mikate midogo ya Jumapili.

Mkono ukashuka. Kidole kikaonyesha.

Lieve akasimama, akautazama ule mkono. Kisha akatembea moja kwa moja akaingia dimbwini, mguu wa kwanza, wa pili, akasimama katikati. Maji yakampita vifundo.

Achiel alihisi hatua zimekatika, akageuka. "Lieve. Unafanya nini?"

"Nimesimama."

"Toka. Watu wanaona."

"Waache waone. Wewe umenionyesha, Achiel. Umenionyesha vizuri kabisa, sina lawama." Hakupandisha sauti. "Miaka thelathini na tisa mkono huo haujakuomba ruhusa hata siku moja. Unamwonyesha paka asiyekuwepo. Halafu unaniambia siku ile haukujua."

Kwenye foleni mtu alikohoa. Achiel akaangalia viatu vya mkewe ndani ya maji.

"Uliukataza," Lieve akasema. "Hilo ndilo ninalotaka uniambie, nimechoka kuliosha lile koti peke yangu."

Hakumwambia. Lakini hakukana pia. Alimpa mkono atoke, Lieve hakuupokea, akatoka mwenyewe. Akaingia kanisani na viatu vikilia majimaji kila hatua mpaka benchi la tatu, na watu wakageuka. Wakati wa komunyo Achiel alibaki amekaa. Wote wakisimama, aliyekaa ndiye anayeonekana.

Nyumbani Lieve alikuta ile sahani ya maua ya buluu kwenye rafu, imeshaoshwa. Akaiweka mezani mbele yake.

"Irudishe leo."

"Nitie nini? Sahani ya mtu hairudi tupu."

"Hii itarudi tupu. Ukifika utajua cha kuweka."

*

Nyumba ya kina Lagrou ilikuwa ya tatu kwenye safu ya nyumba zilizoshikana, karibu na reli. Marleen alifungua akiwa na aproni, akafurahi, kisha akaiona sahani na kilichokuwa usoni kwa mgeni.

Fien alikuwa kwenye kochi, mkono wa kushoto kwenye tanzi la kitambaa. Alipomwona Achiel, mkono mwingine ukapanda ukaziba mdomo. Akaitikia salamu kwa kichwa.

Achiel hakukaa. Alikuwa amepanga kuanza mbali, na upepo, na magoti. Akajikuta anasema, "Nilijua kama uko. Tangu mwanzo. Nilikiona kivuli chako."

"Najua," Fien akasema nyuma ya kiganja.

"Unajua nini?" Marleen akauliza.

"Mama, alikuwa ananionyesha. Chupa, mzizi, kila kitu. Nilikuwa siiangalii tena barabara, nilikuwa nauangalia ule mkono tu. Nilikuwa nimechoka sana, nikasema huu mkono utanifikisha nyumbani."

Marleen akamgeukia Achiel. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema hukutafutia mlango wa kutokea hata usipouomba. "Lakini si ni mazoea tu, bwana? Ninyi wa zamani mnaonyesha hata mkiwa peke yenu. Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Labda pale darajani hukuiona nguzo vizuri."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Achiel aliuona. Angeweza kutikisa kichwa tu.

"Ni mazoea," akasema. "Mkono huwa unatoka wenyewe. Siku ile ulikuwa umeshatoka. Niliurudisha. Nguzo niliiona."

Nje treni ilipita, vikombe kabatini vikagongana, ikaisha.

"Nilikuja kwako," Marleen akasema polepole, "na keki."

"Ndiyo."

"Nikakukatia kipande kikubwa."

"Ndiyo, mama."

"Na ukala."

"Nilikula."

Marleen akaipokea sahani. Hakumtupia, hakumfukuza, na Achiel angependa afanye mojawapo.

"Kwa nini hukuwaambia watu?" Achiel akamwuliza Fien. "Ulinisikia pale nikisema uongo."

Fien alifikiri. Ili aseme vizuri aliuondoa mkono mdomoni, na Achiel akaliona pengo, na fizi nyeusi zenye nyuzi za daktari. "Nilikaa nyuma yako kilomita zote zile na sikusema hata habari za asubuhi," akasema, maneno yakivuja hewa. "Nikafikiri ndiyo bei yake."

"Hapana. Siyo bei yake."

"Mimi nilifikiri ndiyo," Fien akasema, na mkono ukarudi mdomoni.

Achiel akasema ataiandikia bima kama ilivyokuwa, kwa jina lake, atie sahihi.

"Andika," Marleen akasema kutoka jikoni. "Lakini meno si karatasi." Alikuwa amefungua bomba. Alikuwa anaiosha ile sahani safi, mbele na nyuma, na hakugeuka mgeni alipotafuta mlango mwenyewe.

*

Siku ya Kupaa Bwana uwanja wa kanisa ulijaa baiskeli, zimeegeshwa ukutani kama ng'ombe penye zizi. Padre alipita na ndoo na brashi akizinyunyiza maji, na watoto wakaingiza vichwa makusudi ili walowe. Etienne alipanda ngazi ya kanisa na kitambaa chenye uzi wa dhahabu. Akaanza: miaka ishirini na miwili, na hajaanguka mtu hata mmoja.

"Nipe dakika," Achiel akasema kutoka chini.

"Utaongea baadaye, mzee, ngoja nikusifu kwanza."

"Ameanguka mmoja. Binti wa Marleen Lagrou. Nilijua yuko nyuma yangu. Niliiona nguzo na sikumwonyesha. Makusudi."

Brashi ya padre ilibaki hewani ikidondosha. Lieve, pembeni mwa wanawake wenye trei za mikate, aliinamisha kichwa, si kwa kushtuka.

Etienne alishuka ngazi mbili akamwinamia sikioni, ila sauti ya muuza nyama haijui kunong'ona. "Achiel. Nani hajawahi? Mnyonya gurudumu ni mnyonya gurudumu. Vaa kitambaa twende, baridi."

"Hata si mwanachama wetu," mtu akasema nyuma, kwa huruma.

"Kweli kabisa," mwingine akasema. "Usijitese."

Achiel alitazama nyuso zao. Zilikuwa nyuso za marafiki, watu waliomsukuma kwa kiganja mgongoni alipoishiwa nguvu milimani, na wote walikuwa wanamsamehe kitu ambacho hakikuwa chao. Aibu yake ilikuwa kama fanicha nzito aliyoileta mpaka uwanjani, na hakuna aliyetaka kushika hata pembe moja. Akakipokea kitambaa, akakikunja mara mbili, akakirudisha mkononi mwa Etienne.

Kisha akaenda kusimama mwisho kabisa wa msafara.

Hakuwahi kuendesha mwisho. Mwisho hakuna kazi. Unakaa kwenye kinga ya upepo, unaona migongo ishirini na tisa, na barabara inakujia kwa mikono ya watu: mmoja anaonyesha, wa pili anaonyesha, habari inarudi nyuma mkono kwa mkono mpaka inakufikia wewe, na kwako inaishia. Walipita mzizi. Walipita lango la maji. Miguu ilikuwa myepesi, na wepesi huo ulimwuma.

Daraja la Markelbeke likaonekana. Halmashauri ilikuwa imeipaka nguzo rangi upya, nyekundu na nyeupe, lakini kivulini rangi haisaidii. "Nguzo," ikasikika mbali mbele, na tena karibu, na tena. Mikono ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, kulia, kulia, kulia, na msafara ukagawanyika. Aliye mbele ya Achiel akaonyesha, akapita.

Nyuma ya Achiel hapakuwa na mtu. Aliangalia kwenye lami, kivuli kilikuwa kimoja. Hakuuachia mkono ujiendee wenyewe safari hii. Aliutoa kwenye usukani kwa makusudi, kidole kwa kidole, akaushusha mpaka chini, akaonyesha ile nguzo, na akaendelea kuionyesha hadi alipotoka upande wa pili wa daraja, kwenye jua.